Kura Iwe Siri, Hesabu Iwe Wazi

Vijana wakiniuliza habari za mlolongo wa 1988, kwanza hutaka kujua kama ni kweli watu wazima walipanga foleni nyuma ya picha. Ni kweli. Mimi nilikuwamo. Ilikuwa mwezi wa Februari, mchujo wa KANU, chama pekee nchini Kenya wakati huo, katika uwanja wa shule ya msingi ya kata yetu huku Ukambani. Kila mgombea alikuwa na wakala aliyeinua picha yake juu, nasi wenye kadi za chama tukajipanga nyuma. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri ya uchaguzi mkuu wa mwezi wa Machi haikumhusu tena.

Lakini picha zilikuwa jambo dogo. Chifu alikuwepo uwanjani, naibu wake alikuwepo, mwenye duka anayekukopesha unga alikuwepo, na wote waliona umesimama wapi. Jirani yangu mmoja alikuwa na kijana aliyengoja kuandikwa kazi ya serikali. Alikuja mstarini kwetu, akatazama huku na huku, akaniambia polepole, "Dada, usinihukumu," kisha akavuka kwenda upande wa pili. Sikumhukumu wakati ule na simhukumu leo. Mama anayechagua kati ya mbunge na mshahara wa mwanawe hajapewa nafasi ya kuchagua chochote.

Afisa akapita akihesabu kwa kidole. Alipofika mwisho aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akaingia garini. Hatukusomewa idadi. Mstari wetu ulikuwa umepinda hadi nyuma ya vyoo vya shule. Ule mwingine haukufika kwenye mlingoti wa bendera. Kesho yake tukaambiwa mstari mfupi ndio ulioshinda. Tungemlilia nani? Watu walikwisha kurudi kwenye ng'ombe na mashamba yao. Hapakuwa na karatasi za kura wala sanduku la kufunguliwa upya mbele ya hakimu.

Nimeyawaza hayo kwa miaka mingi, na bado naamini kwamba ubaya wenyewe ulikuwa pale: mambo yalipinduliwa. Chaguo la mpiga kura, lililostahili kufichwa, lilianikwa uwanjani. Hesabu ya kura, iliyostahili kuanikwa, ilikunjwa ikatiwa mfukoni mwa mtu mmoja. Kazi ya kikundi chetu tangu siku hizo imekuwa kupindua tena kilichopinduliwa.

Waliothubutu kusema hadharani walikuwa wachache, wengi wao watu wa kanisa: maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari wa Kianglikana, na Mchungaji Timothy Njoya wa kanisa la Presbiteri, PCEA. Jarida la Beyond, lililochapishwa na baraza la makanisa, NCCK, liliandika jinsi mlolongo ulivyochakachuliwa. Serikali ikalipiga marufuku mwezi wa Machi mwaka huo huo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela. Kukutwa na nakala likawa kosa. Mimi nililisoma nyumbani kwa katekista wetu, aliyelificha chini ya magunia ya maharagwe, kurasa zimelegea kwa kupitia mikono mingi. Mle ndani nilikuta yale yale tuliyoyaona uwanjani kwetu, yakisimuliwa kutoka majimbo ambayo sijawahi kuyakanyaga. Mpaka hapo nilikuwa nikidhani ni fitina ya kata yetu tu.

Kikundi chetu kilianza hivyo, kwa kulisoma jarida moja tukiwa wengi. Alikuwemo katekista, mwalimu mstaafu, mwenye kinu cha kusaga mahindi, na sisi akina mama wa chama cha kuchangiana. Mwaka 1990 KANU iliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti, ikazunguka nchi kusikiliza maoni. Nadhani wakubwa walitarajia kusikia sifa. Watu wakasema waliyokuwa wameyabana kifuani: waliukataa mlolongo, wakaikataa ile asilimia 70, wakakataa wanachama kufukuzwa ovyo. Mwalimu wetu aliandika maoni yetu ukurasa mmoja kwa mwandiko wake wa ubaoni, nasi tukatia saini, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Baadhi ya waume walikasirika kuona majina ya wake zao pale. Desemba mwaka huo, wajumbe wa chama waliokutana Kasarani waliufuta mlolongo. Mwaka mmoja baadaye kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU chama pekee, kikaondolewa katika katiba na vyama vingi vikarudi.

Tulisherehekea, ndiyo. Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992, na tukaona kwamba nusu ya pili ya kazi ilikuwa haijaguswa. Sasa kura ilikuwa siri kweli. Ulitia alama yako peke yako, ukakunja, ukatumbukiza. Lakini jioni sanduku lilipakiwa kwenye gari likapelekwa ukumbi wa kuhesabia wa jimbo, mwendo mrefu wa barabara ya vumbi, usiku. Mawakala wachache walibanana nyuma ya gari, wengine walikosa nafasi. Sisi tuliobaki tulilisindikiza kwa macho hadi taa zikapotea kwenye kona ya mto. Baadaye tuliletewa jumla ya jimbo zima. Hakuna aliyeweza kutuambia kituo chetu, chumba kile kile tulichopigia kura, kilikuwa kimesema nini.

Mwalimu ndiye aliyekuja na daftari. Lilikuwa daftari la hesabu la watoto wa shule, lenye miraba, na ndani yake tuliandika namba ya kila lakiri iliyofunga sanduku, idadi ya waliopiga kura kila saa, saa ya gari kuondoka, na namba ya gari. Mwaka 1997 tulikuwa tumepata mafunzo, kwa sababu Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki, NCCK na Taasisi ya Elimu ya Demokrasia, IED, ziliungana kupeleka waangalizi wa nyumbani kote nchini, maelfu kwa maelfu. Mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara, vifaa vikachelewa, na mahali pengi upigaji kura ukaingia siku ya pili. Tulilala darasani kando ya sanduku letu, akina mama watatu na askari mmoja, tukipokezana usingizi. Askari alikuwa kijana wa kutoka mbali, mpole, na alfajiri alituomba tumwonyeshe daftari. Alisoma namba ya lakiri kwa sauti, akainama kuilinganisha na ile ya sandukuni, akasema, "Ni yenyewe, mama."

Hata hivyo sanduku liliondoka. Ombi letu katika kila mkutano, kwa kila aliyetusikiliza, likawa moja: kura zihesabiwe pale pale zilipopigwa. Makundi mengi kuliko sisi, na makubwa kuliko sisi, yaliomba hivyo hivyo, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002 ikawa hivyo.

Usiku ule naukumbuka kuliko arusi yangu. Madawati yalisogezwa ukutani, taa ikawekwa juu ya meza ya mwalimu. Msimamizi wa kituo alikata lakiri, akalimwaga sanduku mezani, akalipindua tupu tulione hadi chini. Kisha akachukua karatasi moja moja, akaifunua, akaigeuza kwa mawakala na kwetu waangalizi, akalitaja jina. Karani akaipokea na kuiweka kwenye fungu lake. Iliyotiwa alama mbili iliinuliwa juu wakaibishania hadi wakakubaliana. Kwanza urais, halafu ubunge, halafu udiwani. Nje ya madirisha watu walikuwa wamejaa, wakihesabu pamoja naye kwa sauti ya chini, na mtoto akilia walimnyamazisha ili wasipotewe na hesabu. Kulipokaribia kucha mawakala wa vyama vyote walitia saini fomu. Kata nzima ilikuwa na matokeo yake kabla Nairobi haijayapata.

Yaliyotokea katika uchaguzi wa 2007 yanajulikana na kila Mkenya aliyekuwa hai, na sitayarefusha. Vituoni tulihesabu kwa macho ya watu. Namba zikaingia njiani kwenda KICC, ukumbi wa Nairobi zilikojumlishwa, na huko zikavurugika. Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilisema haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda. Zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamekwisha kuuawa. Kuhesabu darasani hakukutosha kama fomu ya darasani ingeweza kubadilishwa baadaye mbali na macho yetu.

Ndiyo maana uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, tuliupokea kama wetu: matokeo yanayotangazwa na msimamizi wa jimbo ni ya mwisho, na hakuna wa kuyarekebisha Nairobi. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka picha za Fomu 34A, fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote azisome. Mjukuu wangu alinitafutia ya darasa letu kwenye simu. Nilichukua daftari, tukalinganisha namba kwa namba.

Mjukuu aliniuliza kama daftari lina kazi tena. Lina kazi. Picha ya fomu inaonyesha kilichoandikwa. Haionyeshi kama karatasi zile ziliinuliwa mbele ya watu au hapana. Hilo linajulikana na aliyekuwa chumbani tu. Mwalimu na katekista wamekwisha kufariki, magoti yangu hayawezi tena kukesha, na katika vituo viwili vya kata yetu hatukuwa na mwangalizi hata mmoja mwaka ule. Kwa 2027 tumewaandikisha vijana wa kwaya na wa bodaboda, na mafunzo hufanyika Jumamosi baada ya soko, kwa karatasi za kura za kujifanyia: mmoja anazimwaga mezani, mwingine anazifunua, waliobaki wanaandika.