Mashine Iliyousubiri Moyo Wangu

Wengi mmeniuliza nilikokuwa Jumapili mbili zilizopita. Leo nawaambia, na sehemu ya ushuhuda huu ni toba.

Nilikuwa na jiwe kwenye figo. Aliyewahi kuumwa nalo hahitaji mahubiri. Joto letu hili la Tudor, jasho, na maji ninayosahau kunywa… daktari alinikemea. Akaamua jiwe livunjwe kwa mawimbi ya mshtuko, bila kisu. Binadamu wa kwanza alitibiwa hivyo Munich, Ujerumani, Februari 1980, na Dkt. Christian Chaussy na wenzake.

Nikapewa fomu. Una tatizo la moyo? Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Mpendwa, mkono wangu uliandika HAPANA mara mbili! Kwa nini? Kwa sababu mwanzo wa mwaka nilisimama madhabahuni nikashuhudia kwamba moyo wangu uliokuwa ukirukaruka umepona. Na kila usiku bado nameza vidonge. Niliilinda sifa yangu, si imani yangu.

Siku ilipofika, sista akaanza kunibandika nyaya kifuani. Nikauliza, "Za nini hizi, na jiwe liko kwenye figo?"

Akasema, "Pasta, wimbi likipiga wakati mbaya linaweza kuvuruga mapigo. Mashine hii inausikiliza moyo. Moyo ukipiga tu, nayo inapiga, katika ule muda mfupi ambao moyo haushtuki kwa urahisi. Mashine nyingine zina mwendo wake, lakini mapigo yanaangaliwa vilevile. Sasa niambie, moyo wako uko sawa?"

Nilinyamaza. Kisha nikasema yote.

Siku hiyo sikupigwa hata wimbi moja. Kwa dawa nilizokuwa nazo mwilini, damu ingeweza kuvuja kuzunguka figo. Nilirudishwa kwa daktari wa moyo, dawa zikapangwa upya, tarehe ikasogezwa.

Niliporudi, nililala nikisikiliza. Moyo, pii. Mashine, tak. Zaidi ya mara elfu mbili. Moyo ulipopunguza mwendo, mashine nayo ikapunguza. Nikatokwa na machozi pale kitandani. Nguvu inayovunja jiwe inausubiri moyo dhaifu wa mtu! Hivyo ndivyo Bwana alivyonivumilia miezi yote ile.

Lakini sikia hili. Nyaya ziliweza kusoma mapigo yangu. Hazikuweza kujua vidonge nilivyomeza. Hilo lilihitaji kinywa changu.

Wewe unayekwenda kuvunjwa jiwe, mwambie daktari kama moyo wako huruka mapigo, kama una kifaa cha kuongoza mapigo kifuani, kama unatumia dawa ya kulainisha damu, hata aspirini. Dada, kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya kulala kwenye kile kitanda. Na usiache dawa kwa sababu ya mhubiri yeyote, mimi nikiwemo. Muulize daktari.

Kanisa langu, nisameheni. Bado natumia dawa ya moyo, na bado namwamini Mungu aponyaye. Leo soma Zaburi ya 139 yote, polepole, kisha umwambie Bwana lile uliloandikia HAPANA.

Kama uko pamoja nami, andika AMINA. Na unywe maji!

Mchungaji wenu, Tudor.