Herufi za Wafalme

Mbebe nilikokulia, barua haikuletwa nyumbani. Ilifika Itumba, ikaingia kwenye sanduku la posta la shule, kisha mwalimu mkuu akasoma majina mstarini. Za babu, aliyechimba shaba Kitwe, Zambia ya leo, zilikuwa zimetangulia miaka mingi, na bibi alizihifadhi kashani pamoja na bahasha zake. Sisi watoto tulipenda rangi za stempu, basi.

Macho yangu yalifunguka nilipokwenda kusoma Edinburgh. Tarishi mmoja mstaafu alinifundisha kusoma umri wa masanduku mekundu ya barua ya Uingereza. VR ni Victoria, na sanduku la pembe sita lenye herufi hizo ni la kati ya 1866 na 1879. Zamani yalipakwa kijani. Watu wakawa wanayapita bila kuyaona, ndipo mwaka 1874 ikaanza rangi nyekundu. GR bila namba ni George wa Tano, aliyekuwa mfalme Waingereza walipoichukua Tanganyika. George wa Sita ana VI katikati. Ya Edward wa Nane ni machache mno, kwani alitawala chini ya mwaka mmoja, 1936. Mfalme akifa, sanduku lake haling'olewi. Linaendelea kupokea barua.

Lakini kwa nini Edinburgh sikuiona EIIR ya Elizabeth wa Pili? Kwa sababu Elizabeth wa Kwanza hakuwahi kuitawala Scotland, na Waskoti wengi waliikataa hiyo namba. Sanduku lililowekwa mtaa wa Inch Novemba 1952 lilishambuliwa mara kadhaa, hatimaye Februari 1953 likalipuliwa. Tangu hapo masanduku mapya ya huko yakawekwa taji la Scotland tu. Nilikwenda Inch kwa miguu kwa ajili ya kisa hicho. Watu kupigania herufi nne za chuma kulinigusa sana.

Niliporudi Mbebe, habari zote zilikuwa zimehamia kwenye simu, na 2022 zikaja anwani za makazi. Nikaomba kasha la bibi, nikazipanga bahasha. Stempu za Northern Rhodesia, kama Zambia ilivyoitwa kabla ya uhuru: kichwa cha George wa Sita, kisha Elizabeth. Ya mwisho, ya 1964, ni ya Zambia, ina uso wa Kenneth Kaunda. Humo babu hasemi lolote kuhusu uhuru; anauliza kahawa imeuzwa bei gani. Nimewasihi wadogo zangu wasibandue hata stempu moja.