Asumini ya Pwani Katika Udongo wa Kosele

Wale miongoni mwenu waliomwoza binti bara watatufahamu upesi. Binti akishaondoka nyumbani, hakiendi sanduku na kanga tu. Siku moja hupiga simu akaomba shina la asumini. Wetu ameolewa Kosele, kaunti ya Homa Bay, katika jamaa ya Waislamu wenye asili ya Kendu Bay, na mwaka juzi alituomba hivyo hivyo. Tukampelekea vijiti vitatu kwa mtu wa basi, pamoja na agizo la kuvimwagilia asubuhi na jioni, kama tufanyavyo sisi katika mchanga wetu. Vyote vitatu vilikufa. Naye akasema neno lililotukaa moyoni: kwamba labda ardhi ile haimtaki mtu wa pwani.

Kwa hiyo mwezi wa Machi tulikwenda wenyewe, na vijiti vingine vimefungwa kwa gunia bichi na jani la mgomba.

Kutoka Kisumu tulipita Ahero na Katito hadi Kendu Bay, tukaswali adhuhuri, kisha gari likalipa ziwa mgongo na kuanza kupanda. Sisi watu wa pwani husahau kwamba ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Kosele iko juu zaidi. Usiku tuliomba shuka ya pili. Asubuhi tukatoka uani na jembe, tukachimba pale asumini ilipokuwa, na jibu likaonekana kabla hatujafika kina cha dhiraa: udongo mzito wa mfinyanzi, umeshikana kama unga uliokandwa, na mizizi imeoza, myeusi, inanuka. Agizo letu la asubuhi na jioni ndilo lililoizamisha. Mama mkwe wa binti yetu alikuwa akiyaona hayo tangu mwanzo, lakini, kwa maneno yake mwenyewe, “Nani atamsahihisha sheikh?” Tuliona haya, na tukamwomba radhi binti mbele ya wote.

Tangu hapo mama yule ndiye aliyekuwa mwalimu. Alituamuru tuinue tuta badala ya kuchimba shimo, tukachanganya udongo wa juu na mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina joto wala harufu. Kijiti kimoja tulikitia katika debe kuukuu la mafuta, lililotobolewa chini na kuwekwa juu ya mawe matatu ili maji yapate njia. Kipimo cha kumwagilia ni kidole: kitie udongoni, na ukikuta unyevu, weka kata chini. Mvua za masika zikianza, mmea wa ardhini uachiwe mvua. Asumini hupenda jua la asubuhi na kitu cha kuegemea, na hupunguzwa matawi baada ya kuchanua. Ukiikata kabla, umejinyima maua yako mwenyewe. Rehani haikutaka mafunzo yote hayo. Ilitiwa kando ya mlango wa jikoni na kwa siku tatu tu ilikuwa imesimama. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kubeba na ina harufu njema. Nasi tuliona jirani wasiokuwa Waislamu wakiichuma kwa furaha ile ile.

Lakini yako mawili uani pale yaliyotutia wasiwasi kuliko asumini, maana mjukuu wetu ameanza kutambaa na kila akiokotacho hukitia kinywani.

La kwanza ni ua. Sehemu moja ni ule mmea usio na majani wenye utomvu mweupe, ambao wenyeji huuita ojuok. Utomvu huo ukiingia jichoni huunguza vibaya. Na karibu na jikoni ulisimama mti wa majani membamba na maua ya manjano kama kengele, mzuri kweli kweli, ambao hata kwetu pwani hupandwa kwa sura yake. Mti huo ni sumu tangu jani hadi mbegu, na sumu yake hushika moyo. Hatukuwaambia wang’oe ua mzima, kwa kuwa ndio unaozuia ng’ombe wa watu. Mti wa jikoni, hata hivyo, uliondoka siku ile ile, kwa mikono iliyofungwa matambara, na matawi yake hayakutiwa motoni wala hayakuachiwa mbuzi, yalizikwa.

La pili lilikuwa katika nusu pipa la maji: ua la zambarau linaloelea, zawadi ya rafiki kutoka ziwani. Lilikuwa gugumaji. Mmea huo asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliusambaza duniani kwa ajili hasa ya urembo wa ua lake, katika vidimbwi vya bustani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umekwisha kuingia upande wa Kenya wa ziwa, na kabla ya mwisho wa muongo ule ghuba ilikuwa imefunikwa, gati zimezibwa, na wavuvi wakikaa pwani wakitazama mashua zao. Waliletwa fukusi wa kuula, ukapungua, kisha ukarudi. Mbegu zake hukaa hai matopeni miaka mingi. Maji ya pipa lile yalikuwa yakimwagwa mtaroni, na mitaro ya Kosele huteremka kuelekea ziwani. Binti yetu alisikitika, kwani ndilo ua pekee lililokuwa limemkubali. Alilianika juu ya jiwe hadi likawa kama karatasi, akalitia katika shimo la mbolea.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alitukatia shina la waridi jekundu, linalostawi kwake bila kubembelezwa kwa ile baridi ya usiku. Liko kibarazani kwetu sasa, kwenye kopo. Limetoa majani saba. Ua bado, na upepo wa chumvi umeanza kuzikausha ncha zake. Tumempigia simu atuelekeze.