Noah ya mjomba ilivyotaka kunitoa chuo

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, wengine mmeshasema nimekula disko. Hapana jamani, nipo, nimerudi Mwanza juzi na chumba kimejaa vumbi. Leo naendeleza libeneke na stori ya nyumbani Kharumwa.

Wanaonijua wanajua kwamba mkopo wa Bodi haufiki ada yote, na kinachobaki analipa mjomba. Mjomba naye halipi kwa mshahara, analipa kwa Noah yake inayopiga ruti ya Kharumwa, Kakola mpaka Kahama. Noah ikilala, na mimi nalala. Hesabu ni hiyo tu.

Sasa nafika likizo nakuta Noah imelala kweli, siku ya nne chini ya mwembe. Inachemsha. Ikitoka Kharumwa na abiria kamili, haijafika mbali mshale wa joto unapanda, maji yanaruka nje, abiria wa mbele wanaanza kulalamika miguu inaungua (wale wa Noah za zamani mnajua, injini iko chini ya siti, ukitaka kuiona unawaamsha watu). Konda anashuka na dumu kutafuta maji ya kisima, wanajaza, wanasogea kidogo, inachemsha tena.

Fundi wa kwanza aliisikiliza dakika tano akasema gasketi ya hedi imekufa, hedi ishushwe ikachongwe. 450,000. Mjomba hana hiyo hela. Usiku nikamsikia anaongea na mama kwamba atauza maksai mmoja, na msimu wa kulima umekaribia. Maksai mmoja analimaje peke yake? Nililala vibaya sana usiku ule.

Asubuhi nikamwambia, "Mjomba, kabla hujauza, tumwite na yule mzee wa karasha aangalie." Ni mzee mmoja anayetengeneza injini za karasha kule kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kichwa cheupe, haongei sana. Akakubali kuja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umesema unasomea ualimu wa nini?"

"Fizikia na hesabu."

"Haya, basi leo utafundishwa wewe." Teh teh teh.

Hakugusa spana. Injini ilikuwa ya baridi, akafungua kifuniko cha rejeta, akasema washa. Akachungulia maji muda mrefu. Gasketi ikiwa imekufa, moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye maji, unaona mapovu hayaishi. Hayakuwepo. Akachomoa kijiti cha oili, akapaka kidoleni. Oili ikichanganyika na maji inakuwa kama chai ya maziwa, hii ilikuwa nyeusi tu ya kawaida. Akaenda nyuma akanusa moshi, haukuwa ule mweupe mzito wa mvuke. Akamwambia mjomba, "Ng'ombe wako aache ale majani."

Akafunga, tukaiacha ipate moto. Akachukua kitambaa, akabonyeza bomba la juu la rejeta. Likabonyea kama ndizi iliyoiva. Akaniita na mimi nibonyeze. "Injini ikiwa ya moto hapa pawe pagumu. Hapa hakuna nguvu." Halafu akanionyesha michirizi ya kutu pembeni ya kifuniko, maji yalikuwa yanapita pale siku nyingi.

Hapo ndipo kichwa changu kikaanza kufanya kazi, kwa kuchelewa. Maji yanachemka kwa digrii 100 pwani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na kwetu ni juu zaidi ya ziwa, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Injini yenyewe ikifanya kazi vizuri inakaa karibu na 90. Mnaona palivyo padogo? Kifuniko cha rejeta si cha kuzuia maji yasimwagike tu, kina springi na raba ya kushikilia mgandamizo. Kile cha 0.9 kikiwa kizima, maji kwa urefu wa kwetu hayachemki mpaka karibu 116. Kikifa, gari yenu ni sufuria. Na nilishawafundisha kidato cha pili kitu hichohicho wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mchoro ubaoni nilichora!

Babu akasema injini za karasha, zile za silinda moja zenye tenki la maji lililo wazi, zimeundwa zichemke, mvuke unaondoka na joto, wewe kazi yako ni kuongeza maji. "Watu wanaona zile wanadhani na gari ni hivyohivyo."

Tukasubiri injini ipoe kabisa ndipo akafungua tena. (Usifungue ikiwa ya moto, tafadhali. Konda ana kovu mkononi.) Akageuza kifuniko. Raba imekakamaa na kupasuka.

"Hiki nani kawauzia?"

"Mpwa wangu alikinunua Kahama likizo iliyopita," mjomba akasema, "kile cha mwanzo konda alikipoteza."

Wadau, naandika hapa kwa sababu mjomba hasomi blogu. Alinipa 5,000. Nilikitoa kwenye skrepa kwa 1,000, nikamwambia ni kipya, 4,000 nikaweka vocha. Babu aliniangalia kidogo tu, akarudi kwenye rejeta. Nikainama kama natafuta spana.

Rejeta yenyewe nayo ilikuwa na lake. Tuliipiga maji kwa kinyume yakatoka matope ya kahawia, chumvi za kisima na kutu, na nje ilikuwa imezibwa na udongo. Tuliosha nusu siku, tukajaza kulanti badala ya maji ya kisima. Kifuniko kipya, cha dukani kweli safari hii, 8,000. Babu alichukua 30,000 kwa kazi yote. Mjomba akaijaribu mpaka Kakola na kurudi, mshale ukatulia katikati.

Jumatatu ada iliingia. Chini yake meseji: "Mpwa soma sana, gari haichemshi tena. Maksai wote wapo."

Nimeandika jibu mara tatu nimefuta. Bumu likitoka nitamtumia 4,000, ila sijui nitasema ni ya nini. Ngoja nilale, kesho nina testi saa mbili asubuhi.