Eti Wiki ya Kwanza Hakuna Kitu

Nyampulukano, Sengerema
Machi 2026

Mwanangu,

Goti la bibi yako limetulia, mahindi ya bondeni yameingia viwavi, na yule ndama wa madoa kapona. Mengine utayakuta.

Nakuandikia kwa kuwa simu yako inaita mpaka inakata. Barua hii nimempa dereva wa gari la Geita, kaahidi itakufikia mkononi hapo Nyarugusu. Ndiyo, Nyarugusu. Tuliagana ukiwa na begi mgongoni, ukaniambia unawahi basi la Dar. Jumapili baada ya misa mama mmoja wa kwaya akaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, kumbe kijana wenu wa chuo kikuu kaacha shule? Mwanangu kamwona karashani, wanakosaga mawe ya dhahabu, anaandika viroba." Nikamwambia labda kafananisha. Akanitajia na ile kofia yako nyekundu.

Mama yako nilipombana akasema anajua. Eti umemweleza kwamba muhula ukifunguliwa wiki ya kwanza hakuna kitu, wahadhiri wenyewe hawajarudi, kwa hiyo utaingia Mlimani wiki ya tatu ukiwa na hela ya kuanzia.

Hela naielewa. Bumu, hiyo pesa ya mkopo, huchelewa, na tumbo halijui kusubiri. Lakini hilo bumu nalo halitakufuata machimboni: asiyesajiliwa hasaini, na isiposainiwa kwa wakati pesa inarudi Bodi ya Mikopo. Kinachonikosesha usingizi ni hilo neno la wiki ya kwanza, maana nimelisikia zamani, katika nyumba hii hii, kwa baba yako mdogo.

Wewe unamjua akiwa na mvi. Hujui alivyokuwa na kichwa. Mwaka 1991 alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa pili. Ilikuwa miaka ile Benki Kuu inanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na vijana wa huku walikuwa hawalali. Likizo ilipofika wenzake wakamwingiza kwenye duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, huko huko Nyarugusu. Chuo kikafunguliwa, akasema anasubiri mgao wa Alhamisi, si wiki ya kwanza tu bwana, wanafagia mabweni. Alhamisi ikafika, mwenye duara kasafiri kwenda Kahama. Aliporudi, mvua ikajaza maji shimoni. Yalipokaushwa maji wakagawana mawe, na mawe yenyewe yakatoa kidogo sana. Akafika chuoni wiki ya tano, akasingizia foleni ya kivuko pale Busisi. Siku zile watu walimwamini. Magari yalilala pale, wagonjwa walisubiri pale. Wewe umebahatika kunyimwa hata uongo huo: tangu tarehe 19 Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, unavuka kabla hujamaliza kumenya chungwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu hawalielewi. Masomo aliyoyakosa hayakuwa mengi, aliazima madaftari. Nimeyaona mwenyewe alivyoyanakili. Paliandikwa "tazama mchoro", na mchoro haupo, uko kwenye ubao uliokwisha kufutwa. Paliandikwa kifupisho ambacho mwenye daftari peke yake ndiye aliyekijua. Angeweza kuuliza, lakini wiki ya tano nani anauliza? Wiki ya kwanza darasa zima ni wajinga sawasawa, ukinyoosha mkono hakuna anayegeuka. Wiki ya tano mkufunzi anasema "kama tulivyoona", wote wanatikisa vichwa, na wewe unatikisa. Hapo ndipo alipoanza kukaa nyuma. Kisha akawa na malaria isiyoisha, ya kumlaza bwenini saa za vipindi tu. Mtihani ulipokaribia nikamwona anashuka kwenye lori na sanduku lake la bati, anasema ualimu hauna maslahi.

Marehemu babu yako alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya sanduku hilo. Mimi sikuwahi kuuziwa hata mbuzi. Nilimaliza darasa la saba, nikachukuliwa ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, asubuhi nafundisha, jioni nasikiliza masomo ya redio na kujibu maswali ya posta. Wakatupachika majina ya kejeli. Lakini nusu ya wanaojiita waheshimiwa hapa mjini walijifunza herufi a kwangu, na nimestaafu sijawahi kuanza muhula nikiwa nyumbani. Baba yako mdogo leo ana kibanda cha spea za pikipiki Katoro. Mteja akikosea sarufi, anamsahihisha kwanza ndipo anamuuzia.

Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba alama 40 zinatoka kwenye majaribio na kazi za muhula, 60 mtihani wa mwisho. Hayo majaribio hayasubiri kiroba chako kipite karashani. Na makundi ya kazi yanapangwa siku hizo hizo unazosema hazina kitu. Ukichelewa, unatupwa kundi moja na wachelewaji wenzako, kisha mnashangaana nani aandike.

Sikuambii ufike leo na kuanza kukesha. Wavuvi wa dagaa pale Kamanga, mbalamwezi ikiwa pevu, hupumzika, lakini nyavu hushonwa kabla giza halijarudi. Wewe ulikaa hapa likizo nzima hujafungua begi. Basi siku ya kwanza panga kitanda, lala mapema, zunguka ujue kila somo liko chumba gani. Ya pili, soma tena ulichomaliza nacho muhula uliopita, saa moja tu. Nenda ile maktaba kubwa iliyozinduliwa 2018; wanasema inachukua watu 2,100 kwa mara moja, hawatakunyima kiti.

Mikeka ya kubeti mpira uiache. Zebaki usiishike kwa mikono mitupu, na ukitoka hapo ziache nguo za kazi huko huko. Mpigie mama yako hata kama huombi hela.

Kama rafiki yako mwenye karasha ana deni lako, aandike kwenye karatasi na asaini mbele ya mtu. Akikataa, ujue mawe hayo yalikuwa hayana mwenyewe tangu mwanzo, na mimi nitampigia mama yake, nilimfundisha darasa la pili.

Nauli ya kutoka hapo mpaka hapa nimempa dereva huyu, anakuja na wewe kesho. Ya Dar iko kwa mama yako, si kwako, maana nakujua. Michembe na karanga nimefunga mfuko mmoja, usimgawie kila mtu hosteli ya Mabibo wiki moja ikaisha. Ukishasajiliwa nipigie picha hiyo fomu uitume, yenye tarehe inayosomeka. Nitaionyesha kanisani.

Shangazi yako,
Mwalimu