Ukingoni mwa Bahari, Ocean Road

Mwenye kushuka Kivukoni alfajiri, akaliacha soko la samaki nyuma yake na kuifuata barabara ya ufukweni, ataipita Ikulu, kisha ataiona hospitali ya Ocean Road. Jengo lake la kale lilijengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, na tangu mwaka 1996 hapo ndipo ilipo taasisi ya taifa ya matibabu ya saratani. Mbele yake ni barabara, na ng'ambo ya barabara ni bahari. Hapo ukingoni ndipo tulipoifahamu subira, sisi tuliodhani tumekwisha kuisoma.

Tulimleta mama yetu kutoka Tanga, sisi wanawe wawili, kaka na dada. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akaandikiwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Tukafikia kwa mama mdogo, Temeke. Dada akawa wa kumwogesha na kumvisha. Kaka, ambaye ndiye mwandishi wa makala hii, akawa wa kushika faili na kukaa kwenye foleni.

Wiki ya kwanza tuliimaliza kwa dua na bashasha. Ya tatu ilitukuta tumekonda. Usiku mama halali, nasi hatulali. Mchana chakula hakimwingii. Siku moja alikisukuma kikombe cha uji tuliombembeleza kwa saa nzima, uji ukamwagika. Hatukusema neno. Tulishusha pumzi tu, kwa sauti. Mama akatutazama, akasema, "Nimewachosha, wanangu. Nirudisheni Tanga."

Aya ya 23 ya Suratul Israa inakataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Ni aya tuliyoitolea mawaidha mara nyingi msikitini. Siku ile, mama alipoingia kwenye mionzi, tulivuka barabara tukakaa kuitazama meli iliyokuwa ikielekea bandarini, tukiona haya hata kutazamana.

Ndipo dada aliposema alilokuwa amelificha. Mama alitokwa na damu karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu. Alijiona hana tohara, akaacha kuswali, akawa anakaa chumbani nyakati za Swala ili asiulizwe. Maskini, kumbe damu ile isiyokatika ni istihadha. Haiondoi wajibu wa Swala: mwanamke hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha kila wakati wa Swala ya faradhi unapoingia, akaswali. Mlango huo kaka aliusoma chuoni na akaufundisha madrasa. Nyumbani kwake hakuufungua hata siku moja, kwa kuona haya.

Tulilia pale ukingoni. Kumbe hasira yetu haikuwa juu ya uji. Tulimkasirikia mama kwa kunyamaza, na tulijikasirikia wenyewe kwa kumzoeza kunyamaza. Nabii Yaaqub (a.s.) alilia kwa huzuni hata macho yake yakawa meupe, naye ni mfano wa subira njema. Mtume wetu (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kulia, basi, hakumtoi mtu katika subira. Sisi tulikuwa tumeyazuia machozi, yakatoka kwa mlango wa ukali.

Jioni ile tulimwomba mama radhi. Dada akamweleza hukumu ya istihadha, na mama akaswali Magharibi ameketi kitandani. Kisha tulifanya jambo tulilolionea aibu tangu mwanzo: tuliomba msaada. Mama mdogo akachukua usiku mbili kwa wiki, binamu akachukua foleni ya Ijumaa. Tulipolala, ulimi wetu ulilainika.

Mama amemaliza mionzi na amerejea Tanga. Kliniki bado anahudhuria. Katika darasa la akina mama la msikiti wetu, istihadha sasa inasomeshwa na mwalimu mwanamke, naye huwahimiza waonao damu isiyo ya kawaida waende hospitali mapema.

Ndugu msomaji, ikiwa jirani yako anauguza mzazi, usiishie kumwambia asubiri. Mwulize ni usiku gani umpokee zamu. Nasi tunamwombea mama yetu shifaa, na tunakuombeni muitikie: Amin.