Kilo za Mtoto Hazisomwi Kwenye Umri



Juma hili napenda tutafakari jambo linaloonekana dogo: uzito wa mtoto mgonjwa. Dawa nyingi za watoto hutolewa kwa kilo, si kwa miaka. Mtoto anapofikishwa hospitalini usiku akiwa katika degedege, mhudumu hana nafasi ya kumning'iniza kwenye mizani. Hukisia. Kanuni moja ya zamani husema: chukua umri wake kwa miaka, ongeza 4, kisha zidisha kwa 2. Wa miaka 3 atahesabiwa kuwa na kilo 14.

Je, mtoto wetu wa Mgololo anazo kilo hizo? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali kwa taifa zima ni 30 katika kila 100. Nalitaja hili kwa uchungu, maana huu ni mkoa wa mahindi, maharage na viazi. Mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mashavu yaliyojaa, mama akamwona mzima, kumbe miaka imezitangulia kilo. Tuseme ana kilo 10 tu. Diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, ikipitishwa njia ya haja kubwa hutolewa nusu miligramu kwa kila kilo. Anayestahili miligramu 5 atapewa 7, na dawa hiyo ikizidi huweza kudhoofisha pumzi yake.

Huko Marekani daktari James Broselow alibuni, katika miaka ya 1980, utepe wa rangi: mtoto hulazwa, urefu wake hupimwa, na rangi huonyesha kilo na kiasi cha dawa. Ni chombo cha busara, kwa kuwa urefu husema kweli kuliko umri. Lakini kilitungwa kwa vipimo vya watoto wa kule, na kwa mtoto aliyekonda huzidisha kilo. Ndiyo maana wataalamu wengine huongeza kipimo cha mzunguko wa mkono.

Wazazi wanapobisha hodi usiku kuomba gari la kwenda Mafinga, huja na khanga, chupa ya uji na fedha kidogo. Kadi ya kliniki imebaki sandukuni. Hata ikiletwa, mara nyingi namba ya mwisho ni ya chanjo ya miezi 18, na mtoto sasa ana miaka 4. (Malori ya magogo yetu, nadhani, hupimwa mara nyingi zaidi.)

Kama mizani ya watoto haipo, ya watu wazima yatosha. Mama apande akiwa amembeba mtoto, kisha apande peke yake. Tofauti ndiyo kilo za mtoto. Mwombeni mhudumu aiandike kwenye kadi pamoja na tarehe, na kadi hiyo itundikwe karibu na mlango.